Mikono Yenye Ulimbo

Theluji ndiyo iliyoleta maneno yote haya. Isingeanguka kule juu kwenye barabara ya milimani, basi la wageni lisingekwama, mechi ingechezwa Jumamosi kama ilivyopangwa, na Jumapili ingebaki kuwa siku ya posa peke yake. Lakini theluji haimuulizi mtu ana shughuli gani. Jumapili asubuhi Nurhayat alikuwa jikoni anaviringisha wali kwenye majani ya mzabibu, na binti yake Aybike akaja kusimama mlangoni, simu mkononi, uso umemshuka.

"Mama, wameisogeza. Ni leo mchana."

Nurhayat hakuuliza ni nini kilichosogezwa. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na mji mzima uliijua, au tuseme ile robo ya mji iliyokuwa bado na habari na timu ya wanawake ya mpira wa mikono. Dokuma, ndiyo timu yenyewe, wakishinda wangebaki ligi kuu. Wakifungwa wangeshuka daraja, kwa mara ya kwanza tangu klabu izaliwe. Na Aybike ndiye aliyekuwa mfungaji wao. Wengine walicheza vizuri, Mungu awabariki, ila mabao yalitoka mkono wa Aybike.

Upande wa pili kulikuwa na posa. Jioni hiyo, baada ya swala ya magharibi, Hacı Bedri mwenye duka la fanicha na mkewe Bi Müzeyyen wangekuja kumposa Aybike kwa ajili ya mtoto wao Tuncay. Posa haisogezwi. Ukisogeza, watu wanaanza kuulizana kama msichana ana kasoro gani. Tena Bi Müzeyyen alikwisha kutuma neno kupitia kwa mshenga. Kwamba yeye msichana anampenda, hana la kusema juu yake, ila huo mpira auache kabla ya pete. Mke wa mtu, alisema, hakimbii na kaptula mbele za watu huku anavutwa jezi. Rıfkı, baba yake Aybike, akajibu sawa. Aybike alipoambiwa akanyamaza, nao wakachukulia kwamba kunyamaza ni kukubali. Na asubuhi hiyo, Aybike alipompasha kwanza baba yake kwamba mechi imesogezwa, Rıfkı alivaa koti, akasema binti asikanyage uwanjani, akatoka.

"Baba yako yuko wapi sasa?"

"Mkahawani. Anacheza ule mchezo wao wa vigae."

Nurhayat akaweka jani jingine kiganjani. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kama ndoana, na majani ya mzabibu yalikizoea. Akaviringisha, akapanga sufuriani, akaviringisha jingine. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Nenda. Akiuliza, uko kwa msusi."

"Na akiziona nywele?"

"Wasusi wabovu wapo wengi tu mjini humu. Nenda. Na mafuta usisahau, usije ukaniletea hapa mikono ya ulimbo."

Huo ulimbo ndio chanzo cha nusu ya aibu za nyumba ile. Wachezaji wa mpira wa mikono hujipaka vidoleni utomvu wa msonobari ili mpira ushike. Unashika mpira, halafu unashika na kila kitu kingine, kuanzia vitasa na nywele hadi mkate wa chakula cha jioni. Maji hayauondoi. Sabuni ndiyo kabisa, inaukasirisha. Dawa yake ni mafuta ya kula, unasugua taratibu mpaka ukubali wenyewe. Kila nyumba yenye mchezaji inalijua hilo, na nyumba isiyo na mchezaji hailijui.

Aybike akambusu mama yake begani, akachukua begi, akapitia mlango wa uani.

*

Zamani mji ule ulikuwa na kiwanda cha nguo, na kiwanda kilikuwa na klabu. Wasichana wa mitambo ya kufumia walicheza wakitoka zamu, vidole vyao vyepesi kwa kufunga nyuzi, na ghafla tu, watu wa Ankara na Izmir hata hawajajua mji huo uko wapi kwenye ramani, wakawa mabingwa wa nchi. Walichukua ubingwa mara tatu. Wakapelekwa hadi Hungaria kucheza kombe la Ulaya, wakapigwa kipigo cha mbwa koko. Golini siku hiyo alikuwa Nurhayat. Kidole kilivunjikia huko, akakifunga kwa kitambaa, akaendelea. Hata leo mtu akimtania kwa kipigo kile anajibu, nyie mnahesabu yaliyoingia, mimi nahesabu niliyoyatoa.

Halafu kiwanda kikafungwa, mitambo ikauzwa kama vyuma chakavu, klabu ikachukuliwa na manispaa. Vikombe vimewekwa kwenye kabati la kioo katika kantini ya ukumbi wa michezo, jirani na pakiti za viazi vya kukaanga. Sasa mapenzi ya watu yako kwa wasichana wa voleboli. Hao hupigwa picha. Wa mpira wa mikono hupigwa viwiko. Hata ukumbi hupewa baada ya wale kumaliza, na wakishaondoka mwangalizi hulalamika sakafu inanata.

Nurhayat aliolewa baada ya ile safari ya Hungaria. Hakucheza tena.

Mchana ule alipika, akafagia, akaazima viti viwili kwa jirani maana vyao havikutosha, akavipanga ili viti vya kuazima wakalie wao wenyewe na wageni wakalie vya nyumbani. Redio hakufungua, na simu hakuigusa. Alisugua vikombe vya kahawa ambavyo vilikuwa safi tangu juzi.

Rıfkı akarudi jua likiwa limeelekea milimani. Alivua viatu mlangoni, akavipanga vizuri kuliko kawaida yake, akaja kukaa kwenye kigoda cha jikoni. Alikuwa mstaafu wa kiwanda hichohicho, mtu wa maneno machache, na kofia yake akaiweka gotini.

"Aybike yuko wapi?"

"Kwa msusi."

"Aha." Akaigeuza kofia. "Na huko kwa msusi amefunga mabao mangapi?"

Njia ya mwongo fupi. Nurhayat akaweka kitambaa chini.

"Mangapi?" akauliza yeye.

"Manane."

Basi akamweleza. Muuza chai pale mkahawani alikuwa ameiegemeza simu kwenye bakuli la sukari, mechi inaonekana, na wanaume wakaacha vigae vyao. Rıfkı alitaka kuondoka akaona aibu, akataka kukaa akaona aibu. Kila mara jina la binti yake likitajwa, watu walimgeukia. Kuna mmoja alimuuliza, ndugu yangu, si tulisikia umemkataza? Naye akajibu kwamba binti zake hawakatazwi, anao mmoja tu na huyo anatosha. Wakacheka. Bao la nane lilipoingia, akajikuta amewaagizia watu wote chai.

"Uliwanunulia chai?"

"Walinilazimisha," alisema Rıfkı, ila hakumwangalia usoni.

"Na mwisho wake?"

"Wamefungwa. Kwa bao moja. Wameshuka."

Nurhayat akaketi. Ilimuuma, tena ilimuuma mahali ambapo hakutegemea kwamba bado pana uhai. Alikumbuka kantini na kabati la kioo, na msichana wake katikati ya uwanja na jezi iliyovutwa, akasikia machozi yanamjia, akayarudisha.

"Sasa itakuwa rahisi," Rıfkı akasema polepole. "Timu yenyewe imeshuka. Ataacha bila maneno. Nimewapa watu neno langu, mama Aybike."

"Neno ni lako, mikono ni ya mwanao."

"Na wewe si uliacha? Ulikufa?"

"Sikufa." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomfanya Rıfkı ainue kichwa. "Mimi hakuna aliyenikataza, Rıfkı. Hakuna aliyeniuliza pia. Siku moja begi langu akapewa msichana mwingine, mimi nikapewa aproni. Nimekaa miaka yote hii nasubiri mtu aniulize, na sasa sijui hata ningejibu nini."

Nje lango likagongwa. Wageni walikuwa wamewahi.

*

Hacı Bedri aliingia kwanza, mnene na mpole, akiomba radhi kwa theluji iliyo kwenye viatu vyake. Nyuma yake Bi Müzeyyen, kitambaa cha hariri kichwani, sanduku la chokoleti mikononi na macho yanayotembea, dari, zulia, viti. Alivitambua vile viwili vya kuazima mara moja. Akavitazama, akatabasamu, akakalia kimojawapo kabla hajaelekezwa. Mwisho akaja Tuncay, fundi umeme wa manispaa, suti mpya, maua, na shingo imekakamaa kama aliyelalia vibaya.

Tuncay akainama kumbusu Rıfkı mkono, akaupeleka kwenye paji la uso kama adabu inavyotaka. Kisha akataka kuuachia, mkono ukakataa.

Haukukataa sana. Ulivutika kidogo tu, ukatoa mlio mdogo kama wa karatasi inayobanduliwa. Rıfkı akakitazama kiganja chake, akamtazama kijana. Nurhayat, aliyesimama pembeni, akauona ulimbo na kuujua ulivyo: wa manjano, umefanya vidonge vyeupe pembeni, ulimbo uliooshwa kwa sabuni na mtu asiyejua. Mtoto huyu wa mwenye duka la fanicha hajapata kushika mpira ule maishani mwake. Ulimbo hauruki hewani. Mikononi mwake ulifika kwa kushikana na mikono yenye ulimbo, na mikono hiyo mjini humo mchana ule ilijulikana ni ya nani.

Rıfkı alikaa, akaweka kiganja juu ya goti, na kwa muda wote uliofuata alipotaka kukiinua suruali ilikuja nacho.

Jikoni mlango wa uani ukafunguka. Aybike aliingia na baridi yake, nywele zimelowa, macho mekundu, tayari anavua koti na kuvaa gauni alilotundikiwa nyuma ya mlango. Mama yake akamfuata.

"Tumefungwa, mama."

"Najua. Lete mikono."

"Mafuta yalikwisha kule. Wote tulikuwa tunalia, hakuna aliyekumbuka kununua."

Nurhayat ameshashika chupa ya mafuta ya zeituni, hajaifungua bado, mlango wa sebuleni ukafunguka na Bi Müzeyyen akaingia. Mgeni haingii jikoni mwa mwenyewe siku ya posa. Huyu aliingia. Alisema amekuja tu kumwona mwanawe mtarajiwa, asiwasumbue, huku anachungulia sufuria. Aybike angefanya nini? Akainama, akaushika ule mkono wenye pete, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso.

Bi Müzeyyen aliporudisha mkono wake, ulikuwa si ule aliokuja nao. Akavigusanisha vidole, vikashikana. Akavitenganisha, vikashikana vingine.

"Hiki nini?"

"Ulimbo, mama. Wa mpirani. Nisamehe. Ngoja nikupe..."

"Leo? Siku ya leo umetoka mpirani?" Hakupandisha sauti. Aliwatazama wote wawili, msichana na mama yake, kama muuza duka anayeona fanicha imerudishwa na mguu umevunjika. "Na mimi nilidhani tulielewana."

Nurhayat akasema asitumie maji, bibi, tafadhali, lakini yule mama alikuwa amekwisha kufungua bomba na kuchukua sabuni. Akasugua. Akasugua tena, kwa hasira safari hii. Akachukua kitambaa cha karatasi kujikaushia, kitambaa kikabaki pale pale mkononi, vipande vipande. Akatoka navyo hivyohivyo, amekunja ngumi, kichwa juu.

*

Aybike alipika kahawa mikono ikiwa imesafika nusu. Ya Tuncay akaitia chumvi kama desturi ilivyo, ili ionekane kama mwanamume anaweza kumeza kichungu bila kulalamika. Akazungusha sinia, na kila aliyechukua kikombe alisikia kisahani kinasita kidogo kabla ya kuachia. Tuncay akanywa yote, hakukunja uso. Hacı Bedri akacheka, akasema mwanangu amefaulu, na kwa kitambo kidogo chumba kikawa na raha.

Kisha Hacı Bedri akakohoa, akaketi wima, akaanza. Kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume, wamekuja kumwomba binti yao Aybike kwa ajili ya mtoto wao Tuncay.

Hapo baba wa msichana hujibu, na watu husimama kupongezana. Rıfkı alikuwa bado anavuta pumzi, Bi Müzeyyen akatangulia.

"Kabla mzazi mwenzetu hajajibu," alisema, ngumi yake imefichwa kwenye mikunjo ya sketi, "lile jambo la mpira tulimalize. Njiani nimesikia wameshuka daraja. Basi Mungu amelimaliza mwenyewe, hakuna aliyeonewa."

Wote wakatazama zulia. Aybike alikuwa amesimama kando ya mlango na sinia tupu, mahali pa msichana anayeposwa. Sauti yake ilitoka ndogo lakini haikutetemeka.

"Tumeshuka daraja, mama. Hatujafa. Msimu ujao tutaanza chini, na mimi nataka kuwapo."

Nurhayat akamwangalia mumewe. Alijua zamu ni ya nani sasa, na alijua ni maneno gani hutoka kwa baba siku kama hiyo: nyamaza, watu wazima wanazungumza. Rıfkı akabandua kiganja gotini. Suruali ikalia. Akakitazama kwa muda.

"Tuncay, mwanangu. Leo mchana ulikuwa wapi?"

Kijana akawa mwekundu hadi masikioni. Angeweza kusema dukani kwa baba yake. Baba yake alikuwa anamwangalia kana kwamba anamwomba aseme dukani.

"Uwanjani, baba."

"Ukafanya nini?"

"Nilikaa nyuma ya benchi lao. Mechi ilipokwisha Aybike alikaa chini sakafuni, wengine wanaondoka, yeye haondoki. Nilimshika mikono nikamwinua. Basi. Sikuona haya, baba, naomba unisamehe. Na mama pia. Mimi sikumwomba aache. Nilinyamaza tu mama aliposema, na hilo ndilo kosa langu."

Hacı Bedri akakohoa tena, kikohozi kisicho na haja. Bi Müzeyyen alimtazama mwanawe kama anayemwona mlangoni baada ya safari ndefu. Hasira ilikuwapo usoni pake, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kilichoumia, maana huyo ndiye mtoto wake wa pekee na alikuwa hajapata kumpinga mbele za watu.

Rıfkı akageuka.

"Mama Aybike," akasema. "Wewe unasemaje?"

Halikuwa jambo la kawaida. Kwenye posa mwanamke haulizwi mbele ya wageni. Huulizwa jikoni kabla, au haulizwi. Nurhayat akasimama. Midomo ilimcheza, akatoka. Wakasikia kabati la jikoni linafunguliwa. Hacı Bedri akamnong'oneza Rıfkı kwamba mama wa watu ameenda kulia, amwache.

Alirudi na chupa ya mafuta ya zeituni na kitambaa laini cha zamani. Hakurudi kwenye kiti chake. Alikwenda kuketi chini kwenye zulia, mbele ya kile kiti cha kuazima, na chupa akaiweka kwenye mapaja ya Bi Müzeyyen.

"Hii ni ya nyumbani kwenu, mzazi mwenzangu," alisema. "Binti yangu akija kwenu, atakuja na mikono yake. Ya namna hii, kila mechi. Sabuni haifai, wala maji. Mafuta tu, kidogo kidogo, na usiwe na haraka. Kama mnamtaka hivyo, mimi nimekubali na nafsi yangu imefurahi. Kama hammtaki hivyo, chokoleti zenu tumezishukuru, na chai ipo tayari, mtakunywa ndio muondoke, barabara ina barafu."

Aybike alilishika sinia kwa mikono miwili. Bi Müzeyyen akaitazama chupa, akatazama na mkono wa mwanamke aliyeketi mbele yake, na kile kidole kilichopinda, akakitazama kwa muda mrefu kana kwamba anataka kuuliza ni cha nini na hajui aanzie wapi. Halafu, taratibu, akaitoa ngumi yake kwenye mikunjo ya sketi, akaifungua. Ilikuwa imejaa vipande vya karatasi, nyuzi za sketi na ulimbo. Akainyoosha.

Nurhayat akamimina tone, akaanza kusugua, kidole kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama alivyokuwa akijifanyia mwenyewe zamani. Karatasi zikaachia.

"Na ukishika kwenye mashuka?" Bi Müzeyyen akauliza. Sauti yake ilikuwa kavu bado.

"Mashuka nayo ni mafuta kwanza. Halafu ndiyo unafua."

"Na mto?"

"Mto mpe wake peke yake, usimchanganyie na wa Tuncay."

Rıfkı akasema basi, tumempa, Mungu awape heri, akasimama na kunyoosha kiganja chake kinachonata kwa Hacı Bedri. Lakini hakuna mwanamke aliyemsikia, kwa sababu walikuwa bado kwenye habari za mito.